Safari ya Ngarenanyuki: Ijue Pikapu Inayolisha Nyumba Yako

Alfajiri ya Ijumaa moja Mlima Meru ulikuwa wazi bila wingu, kuanzia migomba ya chini hadi kilele chake cha mita 4,566. Akina mama watatu wa mtaa mmoja hapa Arusha tulisimama kando ya pikapu, tayari kwenda Ngarenanyuki kuchukua nyanya za soko la Jumamosi pale Tengeru. Tuliomba kwanza. Baada ya "Amina", mwenye gari akafungua boneti, akapima oili na kutazama maji ya rejeta injini ikiwa bado ya baridi. Tukamtania kwamba sala yake ina sehemu mbili.

Wenye pikapu za dizeli hawakosi ubishi. Tangu Kilombero hadi Usa River mwenye gari aliisifu Hilux yake: spea zinapatikana kwa urahisi, na mafundi wengi wa Unga Limited wanaifahamu hata gizani. Mwenzetu ambaye baba yake alimwachia Land Rover hakukubali. Bodi yake ni ya aluminiamu, alisema, haili kutu kama ya bati. Na tena Arusha haikukosea Oktoba 2024 ilipolifanyia gari hilo tamasha. Watatu wetu alikaa kimya. Kwake kulikuwa na Land Cruiser, ile yenye injini ya lita 4.2 isiyo na mambo mengi ya umeme, inayopendwa na watu wa porini.

Pale Usa River tuliiacha barabara ya Moshi, tukakata kushoto kuelekea Momela. Njia hii hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na asubuhi ile twiga walitutazama kama wenyeji wanavyomtazama mgeni. Kadiri tulivyozunguka mlima ndivyo migomba na kahawa ilivyotuacha. Upande wa kaskazini mvua ni haba, ardhi ni ya majivu ya volkano, na nyanya huota kwa maji ya mifereji.

Tulikuwa tumekwisha kutoka hifadhini wakati injini ilipoanza kukohoa. Ikakosa nguvu, ikazima. Mbele yetu kulikuwa na mwinuko, na huko mbele zaidi matenga ya nyanya yaliyokwisha kulipiwa kwa fedha za ada za watoto. Nyanya hazingojei.

Mwenye gari hakupiga simu kwa mtu. Alilegeza kizibo kilicho chini ya chujio la dizeli, akakinga kopo. Yakatoka maji, kisha dizeli safi. Akakaza, akabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka ikawa ngumu, akapiga ufunguo. Gari likawaka.

"Jana kijana alijaza mafuta mahali pa bei nafuu," alisema akijifuta mikono. Akatueleza kwamba dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Ikiingia maji au ikichanganywa na mafuta ya taa, vyuma husagana. Uchanganyaji huo uliwahi kusumbua nchi nzima, hata EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo.

Hapo ndipo mwenzetu aliyekuwa kimya aliposema. Mumewe alipofariki, Land Cruiser ndiyo iliyokuwa shamba la familia. Yeye hakuwahi hata kufungua boneti. Alimwachia dereva, akapokea hesabu ya jioni. Hakujua kuwa injini ile ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kilometa 100,000 hivi. Marehemu alikuwa akiandika tarehe za matengenezo katika daftari, lakini hakuna aliyelifungua baada ya mazishi. Mkanda ulikatika barabarani, valvu zikagongana na pistoni. Alikosa fedha za kushusha injini, akaliuza gari kwa bei ya chuma. "Gari lilikuwa imara kuliko yenu yote," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa silijui."

Ubishi wa Hilux na Land Rover ukaisha.

Ngarenanyuki ni mahali panapojua uchungu wa kupoteza mali. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa hapa kwa nguvu ili walowezi wapewe ardhi, na mwaka 1952 Japhet Kirilo alipeleka kilio chao Umoja wa Mataifa. Tulipakia matenga yetu, tukafunga turubai, tukarudi. Kwenye miteremko mwenye gari alitumia gia ndogo ili breki zisichemke.

Njiani alitufundisha kusoma moshi. Mweusi: mara nyingi chujio la hewa limeziba kwa vumbi. Wa bluu: injini inakula oili. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto: mafuta hayaungui vizuri, au maji yanaingia ndani ya injini. Oili yeye humwaga kila kilometa 5,000, na hata kabla ya hapo akipita sana kwenye vumbi.

Mama mwenzetu, Kitabu cha Mithali, sura ya 27, kinamtaka mfugaji aijue hali ya mifugo yake. Kama nyumba yako inaishi kwa pikapu, basi hiyo ndiyo mifugo yako. Leo jioni mwombe baba watoto akuonyeshe daftari la gari. Kama halipo, nunueni moja, mwandike kilometa za leo katika ukurasa wa kwanza.

Mwenzetu yule amekwisha kununua lake. Gari bado hana.