Ng'ombe Weupe wa Singida na Jicho la Angani

Siku ukipata likizo usiikimbilie pwani tu. Panda basi la Dodoma, uipite Manyoni, ushuke Singida mjini jua linapopunga. Utalakiwa na upepo kwanza, kisha na mawe: majabali ya matale yaliyobebana kama watoto wachezao, na kati yake maji ya chumvi ya Singidani na Kindai.

Toka kidogo nje ya mji utazame mifugo ikirudi. Zebu wa mkoa huu wana aina mbili zijulikanazo na wataalamu. Yuko Singida Mweupe, ambaye humwona tangu mbali. Na yuko wa Mkalama, mwenye rangi ya majani makavu. Huyo wa pili akilala nyikani wakati wa kiangazi, hata mwenyewe humpita asimtambue. Nawe unajua fisi hangoji kuche. Ng'ombe aliyepotea pengine ndiye ada ya shule, na anayetumwa kumtafuta gizani mara nyingi ni mtoto yule yule anayetakiwa darasani asubuhi.

Ndiyo maana nimeifikiria sana ndege nyuki, yaani ile ndege ndogo isiyo na rubani. Si ngeni nchini. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuitumia kupiga picha visiwa vyake ili kuchora ramani. Upande wa Tarangire imetumiwa kuwafukuza tembo mashambani. Mlio wake ni kama wa nyuki, naye tembo humwogopa mdudu huyo. (Warina asali wa Manyoni hawatalishangaa hilo.) Huko Australia na New Zealand wafugaji huitumia kuhesabu na kuswaga mifugo.

Je, Singida yafaa? Mimi nasema yafaa, lakini isipokelewe kwa papara. Ndege ya namna hii hukaa angani kama nusu saa tu, na ikirudi ikipambana na upepo wa huku, betri huisha mapema zaidi. Kamera yake ya joto humwona mnyama kwa joto la mwili, hata awe wa rangi ya majani makavu. Lakini adhuhuri jabali nalo huwaka, na ng'ombe na jiwe huwa kitu kimoja machoni pake. Saa yake hasa ni alfajiri, matale yakiisha kupoa.

Tena hairushwi ovyo. Yataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bei yake nayo haibebwi na kaya moja. Heri kijiji kiichangie, kama kinavyochangia josho.

Wala haitamfukuza fisi. Lazima mtu aende kwa miguu. Ila yule mtoto, badala ya kuzunguka mlima mzima usiku kucha, atalala hadi alfajiri, kisha baba yake aende moja kwa moja nyuma ya jabali lililoonyeshwa.