Mcheza Kwao Hutunzwa Lini?

Katika Kariakoo niliyokulia, mchezaji aliyetundika daluga hakuwa na cheo chochote klabuni, ila mtaani alikuwa na nafasi yake. Nafasi yenyewe ilikuwa kwenye benchi la muuza kahawa. Akitokea, watu walisogeleana, kikombe kikamiminwa, na hakuna aliyemdai senti. Angekaa hapo mpaka adhana ya magharibi akijibu maswali yaleyale ya jana, na sisi watoto tukiwa tumechuchumaa pembeni, madaftari ya shule yamewekwa chini ya makalio ili kaptula zisichafuke.

Makao ya klabu zote mbili yalikuwa karibu, unakwenda kwa mguu. Yanga, iliyoanza mwaka 1935, ilikuwa na jengo lake Jangwani. Simba, iliyozaliwa mwaka mmoja baadaye na ikaitwa Sunderland hadi 1971, iko Mtaa wa Msimbazi. Kwa hiyo wakongwe wa timu zote walipita njia zilezile, walinunua samaki soko lilelile, na watoto wao tulisoma nao. Baba yangu alikuwa Yanga wa kutupwa. Mjomba alikuwa Simba. Nyumbani kwetu ubao wa matokeo haukufutwa kamwe.

Mjomba alikuwa na tarehe moja: 19 Julai 1977, Simba sita, Yanga bila. Abdallah Kibadeni alipachika matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja beki wa Yanga, Selemani Sanga, alijifunga. Baba naye alijibu kwa Mwanza, Uwanja wa Nyamagana, Agosti 1974, siku ubingwa wa taifa ulipoamuliwa: Simba ikatangulia kwa bao la Adam Sabu, Gibson Sembuli akasawazisha dakika za lala salama, na kwenye muda wa nyongeza Sunday Manara akamaliza kazi. Niliyajua mabao hayo vizuri kuliko hesabu za darasani, na sikuwahi kuliona hata moja.

Wala hakukuwa na pa kuyaona. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Mpira ulitufikia kwa Redio Tanzania, kwa sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, na Jumamosi kwa kurasa za gazeti la Mfanyakazi. Mengine yote yalikuwa kazi ya midomo. Aliyekuwepo uwanjani alimsimulia asiyekuwepo, huyo akamsimulia mwanawe, na kila aliyesimulia alisimama ili aonyeshe mguu uliopiga. Kibadeni alibaki "King" kwa miongo mingi bila mkanda hata mmoja wa kumtetea. Manara aliitwa "Kompyuta" wakati ambapo kati yetu hakuna aliyewahi kuiona mashine hiyo. Tulijua tu kwamba ni kitu kisichokosea. Zamoyoni Mogella alikuwa "Golden Boy", Abeid Mziba "Tekelo", Juma Mkambi "Jenerali", Makumbi Juma "Homa ya Jiji". Majina hayo hayakutoka ofisini. Yalitoka jukwaani, na kwa sababu yalitoka jukwaani, aliyepewa alikuwa mali ya watu.

Nimkumbuke mmoja ambaye sitamtaja jina, maana familia yake ipo. Alikuwa winga wa kulia wa mojawapo ya timu hizo. Goti lilikuwa limemwisha, akitembea anaburuta kidogo. Siku moja kijana mmoja wa mtaani alimbishia kwamba majalo yake yalikuwa ya kubahatisha. Mzee hakukasirika. Alichukua vikombe vitatu vya kahawa akavipanga kwenye benchi: huyu beki, huyu beki, huyu kiungo anayerudi kukaba. Akavunja kipande cha kashata akakisimamisha kwa nyuma: huyo kipa. Halafu akatuonyesha kwa kidole jinsi anavyopima hatua za kipa kabla ya kuinua mpira. "Kipa akishatoka hatua mbili, mwanangu, harudi tena. Hapo ndipo unaupiga, si kabla." Kisha akaila ile kashata. Mabishano yakaishia hapo, na mimi hadi leo nikitazama mpira huwa namwangalia kipa kwanza.

Huo ndio uliokuwa uzuri wa benchi lile. Kulikuwa na upande mwingine ambao watoto hatukuuona.

Soka la enzi hizo lilikuwa la ridhaa. Mchezaji hakuishi kwa mpira. Aliishi kwa ajira aliyotafutiwa kwenye shirika la umma, bandarini, reli, benki au kiwandani. Klabu ilimpa posho na nauli, na siku ya ushindi mwanachama mwenye nacho alimtia noti mkononi. Utaratibu huo ulimfaa maadamu shirika lipo. Miaka ya tisini mashirika yakaanza kubinafsishwa na wafanyakazi kupunguzwa, na wengi wa waliopunguzwa walikuwa watu wa rika la wakongwe wetu. Wakabaki na majina tu. Muuza kahawa aliendelea kuwapa kikombe bure, lakini kikombe cha kahawa hakilipi kodi ya chumba wala hakinunui dawa ya presha.

Likaja daftari la michango. Yule winga alipolazwa, daftari lilipita dukani, gereji, msikitini, kwenye matawi ya mashabiki. Nililishika mwenyewe: safu ya majina, safu ya ahadi, safu ya waliotoa, na safu ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote. Klabu yake ilituma salamu za pole. Alipofariki, viongozi walifika msibani wamevaa suti, hotuba zikatolewa, jeneza likafunikwa bendera ya timu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtaani kwetu tulimtunza kwa kahawa alipokuwa hai, na klabu ikamtunza kwa bendera alipokufa.

Hakuwa peke yake. Mwaka 2003 Simba iliivua ubingwa wa Afrika Zamalek ya Misri: bao moja hapa nyumbani, kipigo cha bao moja Cairo, halafu penalti. Juma Kaseja alifanya kazi yake golini na Christopher Alex akapiga mkwaju wa mwisho uliotuvusha. Usiku ule Kariakoo haikulala. Miaka 10 baadaye Christopher Alex alifariki Dodoma baada ya kuugua, akiwa bado kijana wa kuweza kufundisha timu. Wengi tuligundua kwamba tulikuwa tunaikumbuka penalti yake kila mwaka bila kumuuliza mpigaji yuko wapi.

Wapo waliovuka vizuri. Leodegar Tenga, beki wa kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Lagos kwenye fainali za Afrika za 1980, aliliongoza shirikisho letu la soka kuanzia 2004 hadi 2013. Charles Boniface Mkwasa aliifundisha timu ya taifa na baadaye akawa katibu mkuu wa Yanga, klabu aliyoichezea. Lakini ukiwatazama waliovuka, utaona kwamba walivushwa na shule, na ukocha, na kipaji cha kuongoza. Jina la uwanjani liliwafungulia mlango tu.

Mabadiliko yalianza kidogo kidogo. Mwaka 2009, chini ya uenyekiti wa Hassan Dalali, Simba ilianzisha Simba Day, tamasha la kutambulisha kikosi kipya kila msimu. Kwa mara ya kwanza klabu ilikuwa na siku yake ya kujisimulia yenyewe badala ya kusimuliwa vijiweni, na mwenye kujisimulia hawezi kuwakwepa wazee wake. Miaka 10 baadaye Yanga ikajibu kwa Wiki ya Mwananchi.

Katikati hapo lilitokea jambo ambalo kwangu mimi lilifungua macho ya wengi. Agosti 2014 wakongwe wa Real Madrid walitua Dar es Salaam, Luis Figo na Christian Karembeu wakiwemo, wakacheza na wakongwe wetu Uwanja wa Taifa. Tulikwenda kumwona Figo. Nilichokiona mimi ni kazi. Watu waliostaafu siku nyingi walisafiri kwa mpangilio, wamevaa sare, wana meneja wao, wanajua nani atazungumza na waandishi na nani atapiga picha na watoto. Kwao kuwa mkongwe ni ajira yenye mkataba. Upande wa pili walisimama watu wetu, waliofanya makubwa kwa posho ya nauli, wakicheka na kupeana mikono. Ukiwatazama kwa mbali, jezi zote zilimeta sawasawa.

Tangu hapo wakongwe wameanza kutafutwa. Klabu zimepata wawekezaji, wadhamini, wasemaji, kurasa za mitandaoni zenye wafuasi kwa mamilioni, na zote hizo zinataka historia ya kuuza. Mzee aliyesahaulika Mbagala au Buguruni anapigiwa simu, anatumiwa gari, anavalishwa jezi mpya yenye jina lake mgongoni. Nilikuwapo kwenye tamasha moja la namna hiyo, jukwaa la mzunguko, nimekaa na kijana ambaye kwa umri ni mwanangu. Wakongwe waliingia kwa mstari, mtangazaji akiwaita mmoja mmoja. Mmoja alipoitwa, yule kijana akanigeukia: "Mzee, huyu naye alikuwa nani?" Nikamweleza. Akatoa simu kutafuta mabao yake, akatafuta weee, akairudisha mfukoni. "Mbona hayapo?" Hayapo, nikamwambia, kaa nikusimulie. Akasikiliza kwa adabu dakika mbili, kisha msanii akapanda jukwaani na uwanja mzima ukasimama.

Baada ya tamasha nilimkuta mkongwe mmoja nje, upande wa kituo cha daladala, jezi yake ameikunja vizuri ndani ya mfuko. Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza kama gari lililomleta halimrudishi. Akacheka, akagusa mfuko wa shati: "Wametupa bahasha, mwanangu. Nauli imo." Hakulalamika hata kidogo. Alikuwa na furaha ya kweli, maana uwanja ulimpigia makofi, na kwa mtu wa umri wake makofi hayo si kitu kidogo. Nami sitaki kuyadharau. Nimeona wazee wakisimama wima zaidi kwa wiki nzima baada ya kuitwa.

Kwa hiyo nikipima, siwezi kusema zamani ilikuwa bora. Leo Ally Mayay, nahodha wa zamani wa Yanga, tunamsikiliza akichambua mechi na tumemwona akipewa dhamana serikalini upande wa michezo. Selemani Matola, nahodha wa ile Simba ya 2003, amekaa benchi la ufundi la klabu yake misimu mingi. Mkongwe mwenye ulimi na elimu ana pa kwenda. Watoto wanavaa jezi zenye majina ya watu waliocheza kabla hawajazaliwa.

Ila kuna vitu vinavyonisumbua. Cha kwanza ni kupungua kwa ule ukaribu wa watani. Kwenye benchi la kahawa shabiki wa Yanga alimlipia kikombe mkongwe wa Simba, kwa sababu bila huyo hata kisa chake yeye kisingekamilika. Baba hakuweza kuisimulia Nyamagana bila kumsifu Adam Sabu kwanza. Leo mkongwe akivaa rangi za klabu kwenye picha, nusu ya nchi inamtukana mtandaoni kabla hajavua jezi. Cha pili ni namna ya kumchagua mkongwe wa kuitwa. Anayeitwa ni yule ambaye kamera ilimkuta, au yule mcheshi wa kuzungumza. Waliocheza gizani, kabla ya televisheni, hawana cha kurushwa kwenye skrini kubwa, na mashahidi wao wanazikwa kila mwaka. Mjomba alishatangulia. Baba anachanganya siku hizi mabao ya 1974 na ya mechi nyingine, na mimi namsahihisha polepole ili nisimvunje moyo.

Cha tatu ndicho kikubwa, nacho hakijabadilika tangu enzi za daftari: bahasha bado ni bahasha. Mkongwe anatumika kama balozi wa klabu siku moja ya tamasha kisha anarudi kuugua kwa siri, na siku ukitangazwa ugonjwa wake, michango inaanza, sasa kwa namba ya simu badala ya daftari. Klabu zinazosajili washambuliaji kutoka nje kwa fedha nyingi haziwezi kushindwa na bima ya afya ya wazee 20. Ziwape mkataba wa maandishi, hata wa mwaka mmoja mmoja, wenye kazi inayoeleweka: kutembelea akademi, kufundisha watoto jinsi ya kupima hatua za kipa, kukaa mbele ya kinasa sauti na kusimulia mechi zao bila haraka. Hiyo ya mwisho ni ya dharura kuliko zote, na ni ya bei rahisi: inahitaji simu moja, chumba kimoja kisicho na kelele, na mtu anayejua kuuliza. Klabu ikishindwa, tawi la mashabiki linaweza. Na daftari lile la michango, kama ni lazima liendelee kuwepo, lifunguliwe mzee akiwa bado anaweza kulisoma mwenyewe.