Kidonge cha Jumapili

Bibi yangu wa Mukendo, Musoma, alimeza alendroneti kila Jumapili kwa miaka saba, tumbo tupu, kisha akakaa wima nusu saa, na kwake kukaa bure ni adhabu. Paja likamuuma miezi. Zahanati ikasema ni uzee. Siku moja likavunjika akifagia uwanja. Hakuanguka.

Marekani, FDA ilitoa onyo la mvunjiko wa namna hiyo mwaka 2010. Wagonjwa zaidi ya 500 waliishtaki Merck, waliokuwa watengenezaji wa Fosamax. 2019 kesi ikasikilizwa na Mahakama ya Juu.

Sisi tulijaza fomu ya TMDA ya madhara ya dawa. Haileti fidia, fidia hudaiwa mahakamani, kwa ushahidi. Bibi alitaka jambo moja tu: “Andikeni kwamba sikuanguka.”