Nusu Kilo

Kamachumu, Muleba

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako ulinifikia Jumamosi usiku, nikausoma, kisha nikausoma tena asubuhi kabla ya kwenda ibadani. Unasema kila Ijumaa uko kwenye mkesha, unaomba hadi sauti inakauka, unarudi alfajiri umejaa. Ikifika Jumanne hakuna kilichobaki. Mahubiri yanakuamsha kwenye simu na mahubiri yanakulaza. Mafuta ya upako umenunua. Sasa unaniuliza ufunge siku ngapi ili moto usizime.

Siku sitakutajia. Mkesha sikukatazi, maana mimi mwenyewe nimekesha mara nyingi na Mungu amenitembelea humo. Lakini moto unaousema hupita, na haujapita kwa sababu umefunga kidogo. Nataka nikueleze kilichoniumba mimi, kwa sababu kwa muda mrefu nami nilidhani ni nyimbo.

Babu yako aliokoka miaka ya 1940, uamsho wa Gahini ulipokuwa umeshafika huku kwetu Bukoba. Habari za uamsho huo unazisikia kanisani zikiwa zimefupishwa mno. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikwenda Kampala akiwa amechoka roho. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, mwenye kiu kama yake. Wakafungua Biblia, wakaomba pamoja kama ndugu, katika siku ambazo Mzungu na Mwafrika hawakuzoea kupiga magoti hivyo. Miaka michache baadaye Gahini ilikuwa inawaka, na moto ukavuka mipaka.

Leo watu wanaukumbuka wimbo wa Tukutendereza na wanakumbuka machozi. Kilichofuata machozi wamekisahau. Watu walirudisha walichoiba. Walikwenda kwa waliowasengenya, wakawaambia waziwazi walichosema. Walikutana kila juma katika ushirika na kuambiana walikoanguka, mambo madogomadogo, ya juma lile lile. Wao waliita hilo kutembea nuruni.

Nyumbani kwetu nuru hiyo ilikuwa na kandili moja. Tukimaliza kula, baba alisoma zaburi, halafu kabla ya kuomba alisema lake la siku. "Leo nimemjibu mama yenu kwa kiburi mbele ya wageni. Mama, nisamehe." Mama alijibu, "Nimekusamehe," na tukaendelea. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Baba za wenzangu hawakuwa hivyo. Nilimwona wangu kama mtu asiye na heshima ya mwanaume. Sikujua kwamba ninajengwa.

Nilipofika miaka 24 nikapata kazi ya kupima kahawa kwenye chama cha msingi. Nilikuwa nimeokoka, naongoza nyimbo katika ushirika, na watu walisema sauti yangu inawavuta. Wakati ule wakulima walileta kahawa ya maganda kwa magunia, nami ndiye niliyesoma mizani na kuandika. Gunia likiwa na kilo 43 na nusu, niliandika 43. Nusu ile niliikusanya na kuiandika kwa jina lingine. Nusu kilo haimwui mtu, nilijiambia. Nilifanya hivyo msimu mzima, na kila Alhamisi niliimba ushirikani, nikalia machozi ya kweli. Hilo ndilo nataka ulisikie vizuri, mpwa wangu: yalikuwa machozi ya kweli. Mtu anaweza kuguswa na Mungu kabisa jioni, na asubuhi akarudi kwenye mizani ileile, kwa sababu kuguswa ni jambo moja na kutengenezwa ni jambo jingine.

Kilichonikamata hakikuwa mahubiri. Ni ile kandili. Nilikuwa na mke tayari, na usiku mmoja tukiwa mezani nikafungua zaburi kama baba alivyofanya. Nilipofika mahali pa kusema langu la siku, ulimi ukagoma. Nikaomba haraka, nikazima taa. Nikafanya hivyo siku tatu. Siku ya nne, usiku, nikaenda kwa baba na kumwambia kila kitu. Hakunihubiria. Aliuliza kitu kimoja tu: "Unayakumbuka majina yao?"

Nikauza baiskeli. Tukapita nyumba kwa nyumba, mimi na yeye, nikiwa na daftari na fedha. Wengine walinitukana, na haki yao. Chama kikaniachisha kazi, na haki yake. Lakini yuko mjane mmoja ambaye sitamsahau hadi nizikwe. Alizipokea zile shilingi, akazishika kwa muda, kisha akasema, "Nilikuwa napima kwa debe hapa nyumbani kabla ya kuja. Nikifika kwako inapungua. Nikajua nimezeeka, siwezi tena kuhesabu. Nikaacha kupima." Nilikuwa nimeiba kahawa, kumbe nilikuwa nimemwibia mama yule imani yake kwa macho na mikono yake mwenyewe. Nililia, lakini kilio hicho kilikuwa tofauti na kile cha Alhamisi. Zakayo naye nadhani hakuijua dhambi yake sawasawa mpaka alipoanza kurudisha, nyumba moja baada ya nyingine.

Nitakuambia na jambo zito zaidi. Mwaka 1994 nilikuwa mmoja wa waliotumwa na usharika kupeleka nguo na mahindi Ngara, baada ya wakimbizi robo milioni kutoka Rwanda kuvuka pale Rusumo kwa takriban siku moja mwishoni mwa Aprili. Mto Kagera ulikuwa unaleta maiti za mauaji ya kimbari. Nilisimama pale nikiwaza: maji haya yanatoka katika nchi ya Gahini. Nchi iliyobatizwa karibu yote. Baadhi ya waliouawa na waliowaua walikuwa wamekunywa kikombe kimoja mezani pa Bwana. Wapo Wakristo waliokataa, waliowaficha jirani zao, na baadhi walikufa kwa hilo, Mungu anawajua. Lakini wengi hawakukataa. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na ninaloamini ni hili: watoto walirithi nyimbo za wazee wao bila kurithi kuungama kwao. Chuki ya kabila ilikaa ndani kama chumba kisichofunguliwa, ibada ikaendelea sebuleni. Wenye mamlaka walipokuja na ufunguo, chumba kilikuwa kimejaa.

Upande wa pili mfikirie Festo Kivengere, askofu wa Uganda, aliyewahi kufundisha shule huku kwetu Tanzania, Dodoma. Mwaka 1977 Askofu Mkuu wake, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Amin, naye Kivengere akakimbia na mkewe usiku kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake tu linasema anampenda Idi Amin. Kilitufikia huku baada ya Oktoba 1978, askari wa Amin wakiwa wameshavuka mpaka na kuwaua watu wetu. Nilikiona mezani kwa mchungaji, nikakataa kukigusa. Baadaye nilielewa kwamba msamaha ule haukuzaliwa milimani usiku ule. Mtu yule alikuwa amekaa zaidi ya miaka 30 katika ushirika, akitubu kinyongo kidogo kidogo, cha mke, cha wafanyakazi wenzake. Jambo kubwa lilipomfikia, mkono wake ulikuwa umeshazoea kuachilia.

Kwa hiyo, mwanangu, simu iache nje ya chumba unapolala. Sauti nyingi za wahubiri zinakuzuia kuisikia yako mwenyewe. Chukua zaburi moja, nakushauri ile ya 139, uisome kwa sauti kila usiku mwezi mzima. Usihame hata ukiichoka, maana ukiichoka ndipo inaanza kukusoma wewe. Ukimaliza, sema lako la siku. Mungu analijua, lakini wewe hulijui mpaka uliseme. Tafuta pia wanawake wawili, watatu wanaokujua kwa jina, wanaojua unafanya kazi gani na mshahara unaishia wapi, wanaoweza kukuuliza. Kwenye mkesha wa watu elfu tano hakuna anayeweza kukuuliza. Jumuiya ya mtaani kwako unaiona ndogo na nyimbo zao zimepooza. Nenda, ukae nao mwaka. Katekisimu Ndogo uliyoikariri kwa ajili ya Kipaimara ina sala ya asubuhi na ya jioni. Luther aliiandika mwaka 1529 kwa ajili ya watu wa nyumbani, baba na mama na watoto mezani. Irudie. Siku nyingine utasali bila kusikia chochote, na hizo zinahesabika.

Nimalizie na jambo ambalo hukuniuliza. Ujumbe wako ulikuwa mrefu. Umenitajia wahubiri wanne, bosi wako, mwenye nyumba wako. Kaka yako hukumtaja. Najua hamjaongea tangu matanga ya baba yenu na mgogoro ule wa kibanja. Sitaki kuamua hapa nani alikosea mpaka. Mimi nilikuwepo, na wote wawili mlisema maneno.

Juzi nimepita pale. Nilimkuta anakata majani makavu ya migomba peke yake, na ule mgomba wa karibu na kaburi, uliouchomeka wewe mwenyewe siku ile, ameuwekea nguzo usianguke. Namba yake ni ileile.

Mama yako anakusalimu sana. Ukija Desemba tutakwenda pamoja hadi kwa wajukuu wa yule mjane, wanaishi palepale.

Mjomba wako