Shikamoo Kwenye Foleni ya Githeri

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mimi sikuacha mila yangu, bali nilimfanya mwenzangu aache yake. Hicho ndicho kisa ninachotaka kukusimulia, mpenzi msomaji.

Tulipokuwa kidato cha pili, darasani mwetu aliingia mvulana aliyetoka Mwanza, Tanzania. Siku yake ya kwanza alifika mbele ya foleni ya chakula, akainamisha kichwa kidogo na kumwambia mpishi, "Shikamoo, mzee. Naomba githeri."

Wacha foleni iangue kicheko! Kwetu hapa Kakamega shikamoo ni neno la vitabuni na la jukwaani. Mzee tunamwambia "habari", ama "mulembe" tukiwa nyumbani, tunampa mkono, basi. Na hiyo "naomba"! Kwetu anayeomba ni yule asiye na kitu. Karo umelipa, sema "nipe" uende ukale. Mpishi mwenyewe alishtuka, akajibu, "Mzuri." Mimi na mdomo wangu nikapaza sauti kutoka nyuma, "Marahaba!" Tangu siku hiyo jina lake likawa Marahaba. Waliolitumia walikuwa wengi, lakini aliyelitunga ni mimi.

Likizo ya Agosti ya mwaka uliofuata, mama alinichukua twende Mwanza kumwona dada yake aliyeolewa huko. Tulipita Kisumu na Migori, tukavuka mpaka pale Isebania, tukaingia Sirari. Njiani nilijigamba kwamba Kiswahili ninacho, tena cha alama za juu. Kumbe!

Nilipowaambia watoto wa jirani "Sasa?", mmoja aliniuliza, "Sasa nini?" Wao husema "Mambo?" na jibu ni "Poa." Nilipomwita mwenyeji wetu "anti", walinisahihisha kwamba mdogo wake mama ni mama mdogo, na shangazi ni dada ya baba. Kwetu wote hao ni anti, pamoja na mke wa mjomba na hata jirani. Matatu nayo ilikuwa daladala, na makanga akaitwa konda. Hayo yote tuliyacheka pamoja.

Lakini jioni moja nilitumwa dukani. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, ameketi nje akichambua mchele. Nikamwambia, "Mathe, nipe sukari kilo moja." Hakuinuka. Aliniangalia, kisha akauliza polepole, "Kwani tumelala nyumba moja, mwanangu?" Mimi sikuelewa. Nikadhani anashuku sina pesa, basi nikamwonyesha noti. Ndipo nikaharibu kabisa! Alinipimia sukari bila kusema neno.

Kesho yake mama mdogo alipata habari. Alijifunga leso yake akaenda kwa yule mama kuomba radhi, kwani ndiye aliyekuwa akimkopesha unga wakati mumewe hana kazi. Nilimwona kwa mbali akiwa amesimama mbele ya duka, akizungumza kwa mikono. Kosa lilikuwa langu na aibu ikawa yake. Aliporudi hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kule mtu husalimiwa kwanza, kisha ndipo huambiwa unachotaka, na kwamba "naomba" si kuombaomba, ni kumheshimu anayekupa hata kama unalipa.

Mjomba naye akanieleza kwamba shikamoo inasemekana ilitokana na kushika miguu ya mkubwa. Akaongeza kuwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, watu wa Tanzania waliitana "ndugu", raia na kiongozi sawasawa, ingawa siku hizi viongozi wa huko nao huitwa waheshimiwa kama wetu. Nikawaza kwamba hata sisi Waluhya mtoto hamwiti mzee kwa jina tupu, humwita kuka. Heshima tunayo, ila tumeiweka kwenye neno lingine.

Shule zilipofunguliwa nilimtafuta Marahaba nimwombe msamaha. Nilimkuta kwenye foleni. Kabla sijafungua mdomo, alisukuma sahani yake mbele akasema, "Buda, weka mob!" Hakuna aliyecheka, maana hivyo ndivyo tunavyosema sisi. Nilipomweleza yaliyonipata, alisema, "Achana nayo, maze. Nimeshazoea." Kisha akaenda zake.

Zamu yangu ilipofika, mpishi aliniuliza, "Hivi yule kijana wa shikamoo alihama?" Nikamwambia bado yupo. Akasema, "Nilifikiri alihama. Siku ile nilikuwa sijui kujibu. Nilienda nikauliza, nikajua, lakini hakunisalimia tena."

Msomaji mwenzangu, siku hizi mimi ndiye ninayemwamkia shikamoo. Foleni bado inacheka. Yeye hujibu "Marahaba" kwa sauti kubwa, na ninaomba siku moja mwenye jina hilo asikie, ageuke, arudi.