Kudaka na Kukutana

Jina la riwaya ya J. D. Salinger, The Catcher in the Rye, iliyochapishwa mwaka 1951, limetokana na mshororo uliokosewa. Holden Caulfield, kijana wa miaka 16 aliyefukuzwa shule ya bweni huko Pennsylvania, anazurura New York siku chache kabla ya Krismasi. Barabarani anamsikia mtoto akiimba wimbo wa Robert Burns, mshairi wa Uskoti. Baadaye anamwambia mdogo wake, Phoebe, kwamba angependa maisha yake yote kusimama shambani, kando ya genge, awadake watoto wanaocheza humo kabla hawajaporomoka. Phoebe, mwenye miaka 10 tu, anamsahihisha: katika shairi la Burns watu hukutana shambani, hawadakani.

Nilipojaribu kuyafasiri mazungumzo hayo ndipo nilipoona uzito wake. Kukutana kumebeba kiambishi cha kutendana. Kitenzi hicho hakisimami mpaka wawepo wawili, kila mmoja akimwendea mwenziwe. Kudaka kuna mtenda na mtendwa, na anayedakwa haulizwi. (Nafaka yenyewe ilinishinda: ngano siyo, shayiri siyo. Niliandika "nafaka" nikasonga mbele.)

Holden hawezi kukutana na mtu. Kitabu kizima anawaza kumpigia simu Jane Gallagher. Anapopiga, mama mtu anapokea, naye anakata. Mdogo wake Allie alikufa kwa saratani ya damu akiwa na miaka 11, na usiku ule Holden alivunja madirisha ya gereji kwa ngumi. Alichobakiwa nacho ni glavu ya Allie ya kuchezea besiboli, ambayo marehemu aliijaza mashairi kwa wino wa kijani ili apate cha kusoma uwanjani mchezo unapopoa. Glavu hiyo, wasomaji wangu, ni ya kudakia. Sidhani kwamba sikio la Holden lilikosea kwa bahati tu.

Nami nina kijana wa miaka 15. Mwaka jana alinionyesha shairi lake la kwanza, beti nne za tarbia. Nilifurahi mno, nikachukua kalamu nyekundu. Kina cha kati kilipotea ubeti wa pili, nikakizungushia duara. Mizani ilipungua mahali pawili. Nikaihesabu pembezoni, moja hadi nane, ili aone. Nilidhani namwokoa asianguke mbele ya watu, kwani mimi mwenyewe niliwahi kuchekwa ukumbini kwa kosa kama hilo. Aliipokea karatasi, akasema, "Asante, baba," na tangu hapo sikuona shairi lake lingine. Shairi lenyewe lilihusu nini? Nimejitahidi kukumbuka. Nakumbuka vina tu.

Karibu na mwisho wa riwaya, Phoebe amepanda bembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao huko Central Park. Watoto wananyoosha mikono kuidaka pete ya dhahabu, na Holden anahofu ataanguka, lakini hasemi neno. Anaketi kwenye benchi, mvua inamnyeshea, anamtazama akizunguka. Wahakiki wengi huuona huo kuwa mwanzo wa utu uzima wake. Mimi naona ni mara ya kwanza anamwacha mwenzake awe mtenda. Sasa anayedaka ni Phoebe.

Jumamosi iliyopita nilikuta daftari limeachwa wazi mezani, chini ya taa. Sijui kama alisahau. Nilisoma mishororo miwili nikiwa nimesimama. Wa pili, kipande cha utao kilikuwa na mizani tisa. Kalamu ilikuwa mfukoni. Alipoingia alinikuta palepale, akaliangalia daftari, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu anayengoja kituoni ni nani?" nikamuuliza.

Akavuta kiti.