Mshale Uliopindishwa na Karatasi

Likizo hii nipo Kibaoni, katika nchi ya Wapimbwe, nikisahihisha kazi za wanafunzi. Mmoja wao ameuchora upepo wa kiangazi juu ya Ziwa Tanganyika kwa Matplotlib, programu aliyoianzisha John Hunter mwaka 2003. Takwimu zake ni safi. Mishale yake ndiyo inayosema uongo.

Ramani inaanzia latitudo 3 hadi 9 kusini, na longitudo 29 hadi 31.5 mashariki: digrii 6 kwa wima, 2.5 kwa mlalo, zote zikabanwa katika picha ya mraba. Upana, basi, umevutwa mara 2.4 zaidi ya urefu. Programu, isipoagizwa vinginevyo, huuelekeza mshale kwa pembe ya ukurasa, si ya ramani. Upepo uendao kaskazini-magharibi huchorwa kwa digrii 45, ilhali ufukwe ulio chini yake umekwisha kunyooshwa. Ufuateni mshale huo kwa kidole kutoka Karema: mtafika Kigoma. Kumbe takwimu zenyewe zinaupeleka ng'ambo, Kongo, kaskazini kidogo ya Kalemie. Fikirini afisa wa wilaya mwenye picha hiyo mezani, akiamua mtumbwi uliozimika injini utafutwe upande gani.

Tiba ni fupi. Chaguo la "angles" lipewe thamani "xy", mshale uifuate ramani. Lakini hapo utalala, digrii 23 tu kutoka mlalo, na msomaji asiyetazama vipimo ataupotosha upya. Lililo bora ni kuiagiza "set_aspect" iwe "equal", digrii moja iwe na urefu uleule pande zote. Nasi tulio karibu na Ikweta tuna nafuu: kwenye latitudo 7, digrii ya longitudo ni takriban kilomita 110.5, karibu sawa na ile ya latitudo. London hupungua hadi takriban 69, na hesabu ya kosaini haikwepeki.

Nilipomuuliza kwa nini mraba, alijibu kwamba picha ilipaswa kuujaza ukurasa wa wasilisho. Hapo nikanyamaza, maana nimeketi katika vikao vingi ambamo ukurasa ulipendwa kuliko nchi iliyochorwa ndani yake.

Picha mpya ni nyembamba, ndefu, na imeacha weupe mwingi kushoto na kulia. Nimeipitisha hivyo hivyo.